Fundi Asiye na Tajiri: Fidia ya Vumbi la Asbesto, 1924 hadi 2021

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki mfanyakazi humwita mwajiri wake "tajiri", hata kama mwajiri huyo anaishi kwa mikopo na amepanga chumba kimoja. Neno hilo halipimi mali, linataja uhusiano. Tajiri ndiye anayeulizwa jioni ujira uko wapi. Ndiye anayefuatwa mtu anapoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na ndiye ambaye, msiba unapotokea, jamaa wa marehemu humtazama usoni. Kinyume chake ni fundi wa kujitegemea. Leo yuko Kariakoo, kesho yuko Mwanakwerekwe, keshokutwa anaitwa Kisauni. Ana msumeno wake, mwiko wake na timazi yake, wala hana mtu wa kumwita tajiri.

Makala hii inafuatilia historia ya fidia kwa watu walioumizwa na vumbi la asbesto, na inaifuatilia kwa kumtazama fundi huyo. Sheria za fidia zilizaliwa zikimfikiria mfanyakazi wa kiwandani, mwenye lango moja la kuingilia na jina moja la tajiri. Lakini asbesto haikubaki kiwandani. Ilitoka ikiwa mabamba ya paa, dari, mabomba na kuta nyepesi, ikaenda kukatwa na maelfu ya maseremala, mafundi lipu, mafundi umeme na vibarua waliohama kutoka jengo hadi jengo. Wakati walipoanza kuugua, sheria iliwauliza swali ambalo hawakuweza kulijibu: ni nani aliyekutendea haya? Ilichukua karibu miaka mia moja, kutoka mji wa Rochdale nchini Uingereza mwaka 1924 hadi Mahakama ya Juu ya Japani mwaka 2021, kwa swali hilo kugeuzwa.

Kwanza kitu chenyewe. Asbesto ni jina la jumla la madini kadhaa yenye umbo la nyuzi. Haiungui, haiozi, haili umeme, na kwa muda mrefu ilikuwa rahisi kwa bei. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwaustria Ludwig Hatschek alipata hataza ya kuchanganya nyuzi hizo na saruji ili kutengeneza mabamba membamba yenye nguvu, akayaita Eternit, jina lenye kudokeza umilele. Ufundi huo ulisambaa duniani kote. Katika nchi zetu wengi tunayakumbuka mabamba yale ya kijivu yenye mawimbi juu ya mapaa ya shule, zahanati na nyumba za watumishi wa serikali. Yakiwa mazima juu ya paa hayana makelele. Hatari huamka pale msumeno unapopita, keekee inapotoboa, au nyundo inapovunja. Hapo hutoka vumbi ambalo nyuzi zake nyingine hazionekani kwa macho, nalo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo.

Madhara yake makuu ni matatu. Asbestosisi ni ugonjwa wa mapafu kujaa makovu hadi pumzi inakuwa mzigo. Ya pili ni saratani ya mapafu. Ya tatu ni mesotelioma, saratani ya utando unaoyazunguka mapafu au tumbo, ambayo kwa kawaida huua upesi baada ya kugunduliwa. Mesotelioma haihitaji miaka mingi ya kuvuta vumbi. Hata kazi ya muda mfupi imekwisha kuua watu. Na kati ya kuvuta vumbi na kuugua hupita miaka 20, 30, hata 50.

Muda huo mrefu ndio kiini cha mgogoro wote wa kisheria. Mtu aliyekatwa kidole na msumeno anaijua saa, anapajua mahali na anamjua tajiri. Aliyevuta uzi wa asbesto akiwa na umri wa miaka 22 hukaa akaoa, akalea, akapata wajukuu, na siku ugonjwa unapobisha hodi, kampuni aliyoifanyia kazi imekwisha kufungwa, bima yake haijulikani ilipo, na wenziwe waliokuwa naye juu ya paa wamekwisha kuzikwa. Ushahidi wote umo kifuani mwake, na hauna jina la mtu.

Tuanze Rochdale. Nellie Kershaw alikuwa mfanyakazi katika kiwanda cha Turner Brothers, akisokota nyuzi za asbesto. Alifariki tarehe 14 Machi 1924 akiwa na umri wa miaka 33. Daktari William Cooke aliyachunguza mapafu yake, akaeleza matokeo katika jarida la chama cha madaktari wa Uingereza mwaka huo huo, na mwaka 1927 ugonjwa ukapewa jina lake la kitabibu. Lakini kabla ya kufa, Kershaw alikuwa ameomba msaada na kukuta milango miwili imefungwa. Bima ya ugonjwa ilikataa kumlipa kwa kuwa maradhi yake yalitokana na kazi. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi nayo haikuwa na ugonjwa huo katika orodha yake. Kampuni ilikana kwamba asbesto ni sumu, na ikahofia kwamba kumlipa yeye kungewafungulia mlango wengine. Akazikwa katika kaburi lisilo na alama.

Tulizingatie jambo moja katika kisa hiki. Kershaw alikuwa na tajiri anayejulikana kwa jina na anwani, alikuwa na cheti cha daktari, na bado hakupata kitu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ugonjwa wake haukuwa umeandikwa. Kasoro hiyo ilirekebishwa kwa kiasi. Mwaka 1930 wakaguzi Merewether na Price walichapisha ripoti juu ya wafanyakazi 363 wa viwanda vya asbesto waliopimwa, ambao zaidi ya robo yao walikutwa na makovu ya mapafu. Mwaka 1931 serikali ya Uingereza ikatunga kanuni za kupunguza vumbi viwandani na ikaingiza asbestosisi katika mpango wa fidia.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilichora mstari. Kanuni zile ziliwalenga waliotengeneza bidhaa za asbesto, si waliozitumia. Mwanamke aliyesokota uzi ndani ya kiwanda akaonekana na sheria. Seremala aliyekata bamba juani hakuonekana. Ilibidi kusubiri hadi kanuni za mwaka 1969 ndipo ulinzi wa namna ile uenezwe kwa uwazi hadi kwenye kazi za ujenzi. Katikati ya tarehe hizo mbili ikapita vita kuu, na baada yake Ulaya ikajengwa upya. Majumba ya ghorofa, shule na hospitali zikapandishwa kwa haraka, na nguzo zake za chuma zikapuliziwa asbesto ili zisilegee kwa joto moto utakapotokea. Vumbi lilikuwa kubwa zaidi pale ambapo sheria ilikuwa ndogo zaidi.

Sayansi ndiyo iliyotangulia kutoka nje ya lango la kiwanda. Mwaka 1960 J. C. Wagner na wenzake wawili wa Afrika Kusini walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesotelioma, wengi wao wakihusiana na eneo la migodi ya asbesto ya buluu katika Rasi ya Kaskazini-Magharibi. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba. Waliishi tu jirani na migodi walipokuwa watoto. Mwaka 1965 Newhouse na Thompson wakaonyesha jambo kama hilo jijini London: miongoni mwa wagonjwa wao walikuwamo watu waliokaa karibu na kiwanda na watu wa nyumbani mwa wafanyakazi, waliovuta vumbi lililoletwa na nguo za kazi. Na mwaka 1964, nchini Marekani, Irving Selikoff na wenzake walichapisha utafiti juu ya mafundi 632 wa kufunga vifaa vya kuzuia joto katika eneo la New York. Hawa hawakutengeneza asbesto. Waliifunga tu kwenye mabomba na matangi. Selikoff aliweza kuwafuatilia kwa sababu chama chao cha wafanyakazi kilikuwa na daftari la wanachama. Nalisisitiza daftari hilo, kwa sababu tutalirudia.

Kutoka kwa mafundi wa namna hiyo hiyo ilitoka hukumu iliyofungua njia mpya. Clarence Borel alifanya kazi ya kufunga vifaa vya kuzuia joto kati ya mwaka 1936 na 1969, akihama kutoka kazi moja hadi nyingine katika mpaka wa Texas na Louisiana. Angemshitaki tajiri yupi kati ya wote wale? Wakili wake alichagua njia nyingine: akazishitaki kampuni zilizotengeneza bidhaa. Borel alifariki mwaka 1970 kabla kesi haijasikilizwa. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Marekani ya eneo hilo ilithibitisha ushindi wake. Ilisema kwamba mtengenezaji huhesabiwa kuwa na ujuzi wa mtaalamu juu ya bidhaa yake, na ana wajibu wa kumwonya mtu wa mwisho atakayeishika, si yule tu aliyeinunua. Na kwa kuwa haikuwezekana kujua ni vumbi la bidhaa ipi lililomuua, watengenezaji waliokutwa na hatia wangebeba dhima hiyo kwa pamoja.

Baada ya hukumu hiyo kesi zikamiminika. Mwaka 1982 kampuni ya Johns-Manville, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika biashara hiyo nchini Marekani, iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika ingawa biashara yake ilikuwa hai, na mwaka 1988 ukaanzishwa mfuko wa kuwalipa waathirika. Mfuko huo ukazidiwa na idadi ya wadai hata ikabidi, tangu mwaka 1995, kulipa asilimia 10 tu ya thamani ya dai, na baadaye chini ya hapo. Kwa hiyo fundi wa Marekani alimpata mtu wa kumdai, lakini alichokipata mkononi kilikuwa kipande.

Uingereza ilishika njia tofauti, ya kumfuata mwajiri, na hapo ndipo swali la nani lilipojitokeza kwa ukali wote. Sheria ya madai huko, kama ilivyo katika nchi zetu zilizorithi mfumo huo, humtaka mdai athibitishe kwamba, kwa kupima uwezekano, uzembe wa mdaiwa ndio uliosababisha madhara. Katika kesi ya Fairchild, mmoja wa marehemu aliyewakilishwa na mjane wake alikuwa amewahi kukata mabamba ya asbesto wakati wa kukarabati mapaa. Waajiri wake walikuwa zaidi ya mmoja, na kila mmoja alizembea. Lakini sayansi haikuweza kusema ni vumbi la tajiri yupi lililoanzisha saratani. Mwezi Desemba 2001 Mahakama ya Rufaa ikatoa jibu lililofuata kanuni hatua kwa hatua hadi kwenye dhuluma: kwa kuwa haiwezi kuthibitishwa kwamba ni A, wala haiwezi kuthibitishwa kwamba ni B, basi hakuna anayelipa. Kadiri mtu alivyodhulumiwa na waajiri wengi zaidi, ndivyo alivyopungukiwa na haki.

Mwaka 2002 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya nchi hiyo, lilitengua hukumu ile. Liliamua kwamba katika mazingira ya namna hii inatosha kuonyesha kuwa mdaiwa, kwa uzembe wake, alizidisha hatari ya mtu kupata ugonjwa. Kosa la kumweka mtu katika hatari halikuweza kufichwa nyuma ya kosa lile lile lililotendwa na mwingine.

Lakini wote katika kesi ile waliingizwa katika vumbi na watu wengine. Fundi wa kujitegemea alifika mbele ya Baraza hilo miaka minne baadaye, katika kesi ya Barker dhidi ya Corus. Marehemu alivuta asbesto katika vipindi vitatu: viwili alipokuwa ameajiriwa na kampuni mbili tofauti, na cha tatu alipokuwa fundi lipu anayejitegemea. Moja kati ya kampuni zile ilikuwa imefilisika. Katika kipindi cha tatu, tajiri wake alikuwa ni yeye mwenyewe. Je, sheria ingesema kwamba aliyejitia mwenyewe vumbini amepoteza haki yote?

Malodi walikataa kwenda umbali huo, lakini mnamo tarehe 3 Mei 2006 wakatoa jibu lililoumiza kwa namna nyingine: kila mzembe atalipa kwa kadiri ya hatari aliyoichangia tu. Maana yake ni kwamba sehemu ya kampuni iliyofilisika, pamoja na sehemu ya fundi mwenyewe, zilimwangukia mjane. Vyama vya wafanyakazi na makundi ya waathirika vilipiga kelele, na Bunge likatenda kwa kasi isiyo ya kawaida. Kabla ya miezi mitatu kuisha, tarehe 25 Julai 2006, Sheria ya Fidia ilipitishwa ikiwa na kifungu kinachosema kwamba katika mesotelioma kila mwenye dhima anaweza kudaiwa fidia yote, hata kama baadhi ya vumbi lilitokana na mwathirika mwenyewe. Kilichobaki ni ruhusa ya kupunguza malipo kwa uzembe wa mwathirika; katika kesi ya Barker jaji wa kwanza alikuwa amekata asilimia 20 kwa kipindi kile cha kujitegemea. Yaani kwa muda ambao fundi alikuwa tajiri wa nafsi yake, alihesabiwa pia kuwa mkosaji wa nafsi yake.

Mwelekeo huo haukutoweka hata katika sheria zilizofuata. Mwaka 2008 Uingereza iliweka malipo ya mkupuo kwa wagonjwa wa mesotelioma ambao hawakuweza kudai kwa njia ya ajira, wakiwamo waliojitegemea na wake waliofua nguo za kazi. Lakini mwaka 2014, ulipoundwa mfuko mkubwa zaidi unaogharimiwa na kampuni za bima kwa ajili ya wale ambao mwajiri wao au bima yake haipatikani, sharti lilikuwa mdai awe ameumia kwa uzembe wa mwajiri. Ambaye hakuwahi kuwa na mwajiri akabaki nje ya mfuko huo. Katika nchi ambayo mesotelioma huua watu zaidi ya 2,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa wamewahi kufanya kazi za ujenzi, tofauti hiyo si ya karatasi tu.

Sasa tuvuke hadi Japani, kwa sababu huko ndiko mahakama ilipolishika suala la fundi kwa mikono miwili. Lugha ya Kijapani ina jina la fundi wa kujitegemea katika ujenzi: hitori oyakata. Oyakata ni bwana wa kazi, mkuu wa mafundi; hitori ni peke yake. Kwa Kiswahili chetu ni tajiri wa peke yake, tajiri asiye na mtumishi. Jina lina heshima ndani yake, na lina kejeli pia, kwa sababu wengi wao hufanya kazi ile ile, juu ya jukwaa lile lile, wakivuta vumbi lile lile na mwenzao aliyeajiriwa.

Mwaka 2005 iligunduliwa kwamba wafanyakazi na majirani wa kiwanda kimoja cha zamani huko Amagasaki walikuwa wanakufa kwa mesotelioma, na nchi nzima ikashtuka. Mwaka 2006 ikapitishwa sheria ya misaada kwa waathirika. Kuanzia mwaka 2008 mafundi wa ujenzi na familia zao walifungua kesi katika miji kadhaa, wakiishitaki serikali pamoja na kampuni zilizotengeneza vifaa vya ujenzi. Mahakama za chini zilitofautiana: nyingine ziliwatupa nje, nyingine zikawakubali walioajiriwa na kuwakataa waliojitegemea. Hoja ya kuwakataa ilikuwa nyepesi kueleza. Sheria ya usalama kazini inamlinda mfanyakazi. Hitori oyakata si mfanyakazi. Basi serikali haikuwa na wajibu kwake. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Tokyo ilivunja mnyororo huo, na suala likapanda juu.

Tarehe 17 Mei 2021 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi nne kwa pamoja, za Kanagawa, Tokyo, Kyoto na Osaka. Ilisema kwamba serikali ilivunja sheria kwa kutotumia mamlaka yake ya kulazimisha maonyo na barakoa, tangu tarehe 1 Oktoba 1975 hadi tarehe 30 Septemba 2004. Kisha ikafika kwa fundi wa kujitegemea, na hapa hoja yake inastahili kuelezwa taratibu. Sheria ilitaka vifaa vyenye madhara vibandikwe maelezo ya onyo. Onyo hilo linahusu kitu chenyewe na hatari iliyomo ndani yake. Kitu kile kile kinapokatwa, hakimuulizi anayekikata kama ana mkataba. Hali kadhalika, sehemu ya kazi ikijaa vumbi, vumbi hilo halimtengi aliyeajiriwa na asiyeajiriwa. Kwa hiyo ulinzi wa sheria uliwahusu wote waliokuwa hapo. Haki ilihamishwa kutoka kwenye mkataba ikawekwa kwenye bamba.

Kwa upande wa watengenezaji, Mahakama ilikabili swali lile lile la Rochdale, Texas na London: bamba la nani? Fundi aliyefanya kazi katika majengo mengi hawezi kutaja chapa ya kila bamba. Mahakama iliridhia njia ya kutazama soko: ikiwa bidhaa za kampuni fulani zilikuwa na sehemu kubwa ya mauzo, na fundi alipita katika majengo mengi, inaweza kudhaniwa kwa haki kwamba bidhaa hizo zilimfikia, na kampuni hizo kubebeshwa dhima kwa pamoja kwa kiasi fulani cha madhara. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Suga Yoshihide alikutana na wadai na kuwaomba radhi. Mwezi Juni Bunge likapitisha sheria ya mfuko unaolipa kati ya yeni milioni 5.5 na milioni 13 kwa kutegemea ugonjwa, bila kumlazimisha kila mgonjwa kwenda mahakamani, na kwa kuwajumuisha mafundi wa kujitegemea. Tangu Aprili 2023 kanuni za usalama kazini nazo zinawataka wanaotoa kazi zenye hatari wawalinde pia wasiokuwa waajiriwa wao.

Haitakuwa uaminifu kuufunga ukurasa wa Japani kwa sifa tu. Wengi wa waliofungua kesi zile walikwisha kufa kabla ya hukumu. Watengenezaji hawakuwekwa katika mfuko ule, hivyo waliotaka haki kutoka kwao iliwapasa kuendelea na kesi. Na kuna kundi ambalo Mahakama ililiacha: waliofanya kazi nje ya jengo, kwa hoja kwamba upepo hupunguza vumbi na kwamba hatari yao haikuweza kutambuliwa mapema. Wamo humo mafundi wa mapaa. Hukumu iliyomfungulia fundi mlango wa ndani ilimwacha yule aliye juu ya paa.

Kwa wasomaji wa Kiswahili walio ughaibuni, paa hilo haliko mbali. Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na mfuko wake unaochangiwa na waajiri. Kenya ina sheria yake ya mafao ya ajali kazini ya mwaka 2007. Zote mbili zimejengwa juu ya nguzo ya mwajiriwa. Lakini nyumba zetu nyingi hazijengwi na waajiriwa. Zinajengwa na fundi na saidia fundi wake, kwa mapatano ya mdomo, kwa malipo ya hatua kwa hatua.

Na mara nyingi anayelipa ni sisi. Kaka aliyeko Maskati, dada aliyeko Birmingham au Minneapolis hutuma fedha kwa simu ili nyumba ya wazee ifanyiwe ukarabati. Katika picha anazotumiwa, paa la zamani la kijivu limekwisha kushushwa, vipande vyake vimerundikwa karibu na kisima, na paa jipya lang'aa. Hakuiona siku ya kuvunja. Hakuliona vumbi, wala hakuwaona watoto waliokuwa wakichezea vipande. Hajihesabu kuwa mwajiri, na sheria pengine haimhesabu hivyo. Lakini kwa lugha yetu, siku ile, kwa fundi yule, nani alikuwa tajiri kama si yeye?

Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba jibu la mahakama hufika baada ya miaka 30 au 40, na hufika likiwa nusu. Yanayowezekana kabla ya hapo ni madogo na yanajulikana: kuuliza paa ni la nini kabla ya kuagiza livunjwe, kulipia barakoa stahiki na siku za ziada, mabamba kulowanishwa maji, kufunguliwa mazima badala ya kupigwa nyundo, kufungwa vizuri na kuzikwa mahali panaporuhusiwa na mamlaka. Na jambo moja zaidi, ambalo wajane wa Leeds na wa Tokyo wangelithamini kuliko hotuba. Selikoff aliweza kuthibitisha vifo vya mafundi wa New York kwa sababu kulikuwa na daftari. Aliyevunja paa la wazee wetu naye astahili kuandikwa: jina lake, tarehe, nyumba ya nani, bamba la aina gani, siku ngapi. Karatasi moja kama hiyo, nakala yake akapewa yeye mwenyewe, itamgharimu anayetuma fedha muda mfupi kuliko ule anaotumia kuchagua rangi ya paa jipya. Miaka 30 baadaye, mtu akiuliza ni nani, patakuwa na jibu.